Uchimbaji Usiochimba

Istilahi mbaya hupotosha fikra. Neno "uchimbaji", lililotafsiriwa sisisi kutoka Kiingereza kueleza upatikanaji wa sarafu ya Bitcoin, ni mfano mwafaka. Hakuna kinachochimbwa. Mashine hubahatisha nambari hadi ipatikane inayotimiza sharti la mtandao, takriban kila baada ya dakika 10. Mshindi hutuzwa: sarafu 50 mwaka wa 2009, na 3.125 tangu Aprili 2024.

Wapo wapenzi wa elektroniki wanaojiundia mashine hizi nyumbani. Michoro ya mashine ndogo iitwayo Bitaxe iko wazi kwa yeyote. Ile yenye chipu moja hutumia takriban wati 15. Mwundaji huilehemu chipu kwenye bodi. Isipotambuliwa, hurudi nyuma kwa subira: hupima volti, hutafuta shoti, huyeyusha lehemu upya, hukagua feni. Usione vyaelea, vimeundwa. Hata hivyo, kwa wastani angengoja maelfu ya miaka ndipo ashinde, kwani hushindana na maghala yaliyojaa mashine. Faida yake ya hakika ni ujuzi.

Hapo ndipo neno "uchimbaji" linapodhuru. Huahidi kwamba atokwaye na jasho ataifikia dhahabu, na kijana huweza kuuza alichonacho anunue mashine. Istilahi "bahati nasibu ya tarakimu" ingemwonya mapema. Wasanifu wa istilahi za Kiswahili wasiazime tu sitiari za wengine. Waende kwanza kwenye meza ya fundi, waone kinachotendeka, ndipo wakipe jina.