Tusisubiri Kombe Ndipo Tuseme "Huyu Wetu"

Kipindi cha wiki iliyopita nilitupa sentensi moja nikidhani itapita tu: kwamba sisi tuliozaliwa huku tunapenda washindi kuliko tunavyopenda wachezaji. Meseji zikamiminika. Mmoja akaniuliza, "Kwani kuna anayeshabikia mtu asiyejulikana?" Mwingine akasema tenisi haijawahi kuwa mchezo wetu, kwa hiyo mjadala wenyewe hauna maana. Nusu dakika kipindini haikutosha kuwajibu, basi leo nimekaa niandike.

Hoja yangu ni hii: twendeni kwenye mashindano ya tenisi, na tukifika twende viwanja vya pembeni. Centre Court ina watu wake tayari. Kule pembeni ndiko wanakocheza ambao bado hawana jina, na ndiko sauti ya shabiki mmoja inapofika masikioni mwa mchezaji.

Nianze na mechi moja. Julai 2022, Wimbledon, fainali ya wasichana chipukizi, wawili kwa wawili. Upande mmoja yuko Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Mholanzi, Rose Marie Nijkamp. Upande wa pili wapo Wakanada, Kayla Cross na Victoria Mboko. Okutoyi na mwenzake wakapoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4. Ikabaki kuamuliwa kwa pointi, wa kwanza kufika 10 akiwa mbele kwa 2. Wakashinda 11-9. Binti aliyelelewa na nyanya yake Nairobi, yeye na pacha wake, akawa Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam la vijana.

Sasa nawauliza nyinyi mnaoishi London, Reading, Leicester, Milton Keynes: habari hii ilifika lini kwenye grupu lenu la WhatsApp? Nina hakika ilifika baada ya kombe. Picha ya binti ameshika kombe, bendera tatu za Kenya, "hongera dada," halafu mtu akatuma tangazo la arusi na maisha yakaendelea. Wimbledon ni kituo cha treni, jamani. Wengine wetu tunapita pale tukienda kazini.

Na tazameni nani alikuwa upande wa pili wa wavu. Victoria Mboko alizaliwa Marekani, akakulia Kanada, na wazazi wake walitoka Kongo. Sisemi anaongea Kiswahili. Kongo ni pana na ina lugha zake nyingi. Nasema habari za nyumba kama yao tunazijua bila kusimuliwa: wazazi waliofunga virago, mtoto aliyezaliwa ugenini, na jina ambalo mwalimu alihitaji wiki mbili kulitamka. Agosti 2025, akiwa na miaka 18, Mboko alichukua taji la Montreal. Njiani aliwatoa Coco Gauff na Elena Rybakina, na kwenye fainali akamfunga Naomi Osaka. Ghafla kila mtu ana "mdogo wetu."

Lakini mdogo wetu huyo alikuwa hapa London miaka mitatu kabla, anacheza fainali dhidi ya Mkenya, mbali na Centre Court. Mabinti wawili wa bara moja, mmoja amekuja kutoka nyumbani na mwingine ni wa kizazi chetu cha ughaibuni. Kama kuna mechi iliyochezwa kwa ajili yetu, ni ile. Hakuna aliyetunyima kuiona. Ilitupita kwa sababu tumezoea kusubiri matokeo kwanza, ndipo tuamue kama mchezaji ni wetu.

Mtaniambia ni kawaida ya watu wote. Si ya wote. Waangalieni Wafilipino. Hawa tunawajua vizuri: wanafanya kazi wodi moja na mama zetu, wanatuma pesa nyumbani mwisho wa mwezi kama sisi. Alexandra Eala alishinda US Open ya wasichana mwaka 2022. Machi 2025 alifika nusu fainali ya Miami baada ya kumtoa Iga Swiatek, na Agosti mwaka huohuo, New York, akawa wa kwanza kutoka Ufilipino katika zama za Open kushinda mechi ya Grand Slam kwenye droo kuu ya mchezaji mmoja mmoja. Ilikuwa raundi ya kwanza tu, raundi ambayo watu wengi hawaiulizii hata alama zake. Wafilipino walikuwepo, na bendera zao, na kelele zao, kana kwamba ni fainali. Hawakungoja awe bingwa. Walikwenda kwa sababu anacheza, na kwa sababu yuko mbali na kwao.

Najua pingamizi la kwanza: pesa. Mzee wangu mpaka leo anaamini tenisi ni mchezo wa wenye nacho, na ana sababu zake. Alipokulia yeye, Mombasa, viwanja vya tenisi vilikuwa ndani ya klabu, na mtoto wa Kiafrika aliyeonekana humo alikuwa anaokota mipira. Hayo si maneno ya kubuni. Ila yeye anaizungumzia klabu ya enzi ile, na mimi nazungumzia foleni ya Wimbledon ya leo.

Foleni ile ni kitu cha ajabu. Mashindano yalianza 1877, na mpaka leo ni kati ya yale machache makubwa ambako mtu asiyejuana na yeyote anaweza kujitokeza asubuhi akanunua tiketi siku hiyohiyo. Unafika Wimbledon Park, unapewa kadi yenye namba na tarehe, unakaa kwenye majani. Namba yako ni yako. Huwezi kumshikia nafasi binamu yako anayechelewa, na yeye asijaribu kuja na maneno matamu. Kila siku hutengwa takriban tiketi 500 za Court No. 1, 500 za Court No. 2, na 500 za Centre Court isipokuwa siku nne za mwisho. Wanaozitaka hizo hulala pale kwenye mahema. Sisi wengine tunanunua tiketi ya kuingia ndani tu, inayokuruhusu kukaa viwanja vyote visivyo na viti vya kukata. Mwaka 2025 ilikuwa pauni 30 siku za mwanzo, na ikashuka wiki ya pili.

Linganisheni na tiketi ya mpira wa ligi kuu, au na ile tamasha mliyolipia mwaka jana msanii akapanda jukwaani saa nane za usiku. Kwa pauni 30 za mwaka 2025 ulitazama tenisi kuanzia saa tano asubuhi mpaka jua linazama, na jua la Julai huku halina haraka. Ukitaka Court No. 1 au Centre Court jioni, kuna kibanda kinachouza tena tiketi za waliokwisha kuondoka, kwa bei ndogo, na fedha zinakwenda kwenye misaada. Chakula chako kinaruhusiwa. Mimi huingia na mahamri na sambusa, na sijawahi kurudi nazo. Stroberi zao zilikaa pauni 2.50 kuanzia 2010 mpaka 2024, mwaka 2025 zikapanda hadi 2.70. Nunua mara moja kwa ajili ya picha, kisha rudi kwenye sambusa zako.

Na sikilizeni siri ya wiki ya pili. Wengi wanadhani wiki ya kwanza ndiyo ya viwanja vya pembeni, maana ndiyo yenye mechi nyingi za wakubwa. Kweli. Lakini vijana wanaanza wiki ya kwanza ikielekea ukingoni, wanaendelea mpaka mwisho, na tiketi ya wakati huo ni nafuu zaidi. Hapo unakaa safu ya kwanza. Unasikia viatu vikiteleza kwenye nyasi. Unamwona binti wa miaka 16 akigeuka kumtafuta mtu wa kwao, na pengine mtu huyo ni kocha peke yake, maana nauli ya kumleta mama haikupatikana.

Pingamizi la pili ni la ndani zaidi: "Pale sijisikii nyumbani." Ukimya ule, makofi yale ya taratibu, watu wamevaa kofia kama wamekwenda harusini. Ndugu zangu, adabu za tenisi zinafundishika kwa dakika tano. Mchezaji akianza kutupa mpira, nyamaza. Usiinuke wala kutafuta kiti mpaka wanapobadilishana pande. Mtu akikosea mwenyewe, usishangilie kosa lake. Ni hayo tu. Sisi tuliolelewa kunyamaza mkubwa akizungumza tunashindwa na nini hapo?

Tena ukimya huo ndio unaoufanya mchezo huu utufae. Kwenye mpira wa miguu, wewe ni mmoja kati ya watu 60,000. Ukipiga kelele au usipige, hakuna anayejua. Kwenye uwanja wa pembeni Wimbledon mko labda mia, pointi imekwisha, kimya kimetanda, na mchezaji yuko hatua chache kutoka ulipo. Ukisema "Twende!" anasikia. Ukisema "Bado, usichoke!" kila mtu anageuka, na kama pale kiwanjani kuna anayejua neno hilo, hilo ni neno lake peke yake. Mpinzani hajui umesema nini. Mwamuzi naye hajui.

Nimewahi kufanya hivyo, na nilichokiona ni bega la mchezaji likishuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Hakunitazama. Pointi iliyofuata aliipoteza pia, kwa hiyo sidai kwamba Kiswahili kinashinda mechi. Nadai kwamba kwa sekunde moja hakuwa mgeni.

Na hapa nawaambia hasa wale mnaotuandikia kwamba mnaona haya kusema Kiswahili mbele za watu, kwamba mkiongea, mashangazi wanacheka lafudhi. Lugha ya shabiki ni maneno kumi. Twende. Vizuri. Taratibu. Bado. Hapohapo. Usichoke. Tuko na wewe. Hakuna atakayekusahihisha ngeli. Wengi wetu tulijifunza Kiswahili kama lugha ya kutumwa na kukaripiwa: leta, ondoa, kaa, nyamaza. Kiwanja cha tenisi ni mahali pa kukitumia kumtia mtu moyo, kwa sauti, hadharani, mbele ya watu wasiokuwa ndugu zako. Mimi naona hilo lina thamani kuliko masomo mengi ya Jumamosi tuliyolazimishwa.

Pingamizi la tatu liliandikwa na msikilizaji wa Birmingham, na ndilo lililonifikirisha zaidi: kwa nini nimshabikie mtu kwa asili yake badala ya uchezaji wake? Si ndiyo yaleyale tunayoyalalamikia huku? Namwelewa. Ila nani anashabikia kwa uchezaji mtupu? Emma Raducanu alizaliwa Toronto, baba Mromania, mama Mchina, na Waingereza wanamwita wao, na wana haki kwa kuwa amekulia hapa. Kila shabiki huanzia mahali fulani. Kosa ni kuanzia kwenye asili na kuishia hapo: kumpenda Okutoyi wa kwenye picha bila kujua anapigaje mpira wa kushoto. Ukikaa saa mbili kumtazama mtu akipoteza, akijikusanya, akapoteza tena, unatoka umemjua mchezaji. Bendera ndiyo iliyokufikisha kwenye kiti. Mchezo ndio utakaokuweka hapo.

Mlio Marekani, wiki ya kufuzu ya US Open pale Flushing Meadows, kabla ya droo kuu, kuingia ni bure. Bure kabisa, na wanacheza watu wanaopigania mkate wao. Mlio Ghuba, kila Februari Dubai na Doha zina mashindano makubwa, ya wanawake na ya wanaume. Hamna udhuru wa umbali wala wa baridi.

Wanasema asiyekujua hakuthamini. Mimi naugeuza upande wa pili: tusimdai mtu uthamini wake wakati sisi hatujajishughulisha kumjua. Mwaka huu kuna binti au kijana kutoka Nairobi, Dar, Kampala, Bujumbura au Kigali anayehesabu pointi za kumfikisha kwenye droo ya vijana. Huenda asifike. Huenda akafika akatolewa raundi ya kwanza kwa dakika 50, na hakuna gazeti litakaloandika. Siku hiyo ndiyo atakayotuhitaji. Siku ya kombe atakuwa na watu wa kutosha.

Tukitoka droo ya vijana nitaiweka hapa, na namba za viwanja kila jioni. Atakayekuja anitumie ujumbe. Sambusa nitaleta mimi, chai ije na nyinyi.