Haki ya Mtoto Sahanini

Tumezoea kuyahesabu maradhi ya moyo na shinikizo la damu kuwa ni ya wazee na ya matajiri wa mijini. Waganga wanatufundisha vingine: mafuta huanza kujengeka katika kuta za mishipa ya damu tangu utotoni, na ulimi uliozoeshwa chumvi na sukari mapema hauachi desturi hiyo kwa urahisi. Kwa hiyo mtoto wa Kibiti anayo haki ya kujua chakula kinachoulinda moyo wake, kama aliyo nayo ya kujua kusoma.

Elimu hiyo haidai vyakula vya kigeni. Delta ya Rufiji ina samaki. Nchi kavu ina kunde, mchicha, kisamvu, matembele na maembe. Mtoto afundishwe kwamba hivyo huufaa moyo. Kwamba ng'onda hulowekwa na maji yake kumwagwa ili chumvi ipungue. Kwamba mafuta yaliyokwisha kukaangiwa mara nyingi hayafai kurudiwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Mtoto apate pungufu ya hapo.

Lakini tuseme ukweli. Mtoto aweza kulijibu somo hili vizuri darasani, kisha akatoka akakuta langoni soda, barafu za rangi na vitumbua tu. Nyumbani, samaki bora wamekwisha kupelekwa Dar es Salaam, naye amebakiziwa wali na mchuzi. Mwaka 2024 mafuriko yaliharibu mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti. Aliyepoteza shamba halaumiwi kwa sahani tupu. Kumfundisha mtoto lililo jema na kumnyima njia ya kulitenda ni kumtwisha mzigo wetu sisi wakubwa. Hata parokiani, siku ya Komunyo ya Kwanza, tunampongeza kwa soda!

Basi kila Jumuiya Ndogo Ndogo ikae pamoja na jirani zetu Waislamu, kwa maana watoto wetu wanasoma darasa moja. Tuiulize kamati ya shule kinachouzwa langoni na hali ya bustani ya mboga. Na mvuvi, kabla ya kuita mnunuzi, atenge kwanza fungu la wanawe. Hapo ndipo mtoto atakapoamini tunayomfundisha.