Mchezo wa Fimbo

Sisi tuliotoka Bujumbura tumelelewa na mpira wa miguu. Mwezi huu tujue hurling ya Ireland. Timu ni watu 15, kila mmoja na fimbo yake. Mpira ukiingia golini ni pointi 3. Ukipita juu ya mwamba, kati ya nguzo, ni 1. Tangu 2010 kofia ngumu ni lazima. Wachezaji hawalipwi mshahara, wanachezea kwao. Waairishi waliohama waliufikisha hadi New York, ukabaki hai kule ugenini. Na sisi je? Watoto waliozaliwa kambini wengi hawajui hata bao la mashimo. Tuwachimbie leo jioni, tucheze nao.