Mkadiria hasara anakula kwa nani?

Makamanda, Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, tulijadili sana chanzo cha moto. Mimi nauliza kuhusu yule mfanyabiashara aliyekata bima. Duka likiungua, anakuja mkadiria hasara, anahesabu mabati na marobota. Nani kamtuma? Kampuni ya bima. Nani anamlipa? Hiyo hiyo. Darasani sisi wa sheria tunaambiwa ni mtu huru. Sawa, lakini upande wa pili yupo mama peke yake, risiti zimeungua, anawekewa mbele fomu ya kukubali malipo ya mwisho. Akishasaini, kudai tena ni shughuli.

Kule Florida, Marekani, mwenye mali anaajiri mkadiria wake mwenye leseni, na sheria imebana ujira: asilimia 10 ya malipo kwenye maafa yaliyotangazwa kuwa dharura, 20 kwa mengine. Lazima kubana, maana penye majivu matapeli hawakosi.

Sisi tunayo Sheria ya Bima ya 2009 na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ila huyo unamfuata mkiwa mmeshagombana. Ilani yetu iseme wazi: mkadiria wa mwenye bima, leseni ya TIRA, ujira wenye ukomo.