Lipa Wapagazi Kwanza, Bia Baadaye

Kutoka Point Lenana, mita 4,985, hadi lango la Sirimon, karibu mita 2,650, ni mteremko wa kumaliza magoti. Mtu aliyeamka saa nane usiku pale Shipton akapanda gizani kwenye baridi kali akishafika chini anawaza vitu viwili tu: maji ya moto na kinywaji baridi. Hatuna neno na hilo. Kama umetimiza miaka 18 na huendeshi gari, bia ya viwanda vidogo vya hapa kwetu ni zawadi nzuri ya kumaliza mlima.

Lakini maoni yetu ni haya: usiguse glasi kabla hujamaliza hesabu za mlima.

Kwanza, kuna watu waliokufikisha. Mpagazi amebeba hema, gesi na chakula chako. Wewe ukitafuta baa, yeye anatafuta matatu ya kurudi nyumbani. Ukimwambia "nitakutumia jioni", jioni itakukuta katikati ya kelele, betri imeisha, na namba yake hujui uliiandika wapi. Kwako ni kusahau tu. Kwake ni unga wa wiki. Tuma bahashishi hapo hapo langoni, kila mtu kwa namba yake, na angoja aone meseji kabla hamjaagana. Mtandao ukisumbua, tumeni mkifika Nanyuki, kabla ya kuachana. Usimtumie mmoja zote ati "agawie wengine", isipokuwa wenyewe wamekubaliana hivyo.

Pili, bia hizi si za kuchezea. Tusker laga ina kileo cha asilimia 4.2, lakini IPA nyingi hufika 6 na kupita. Glasi mbili za asilimia 6.3 ni sawa na tatu za 4.2, na hapo mwili hauna usingizi, maji wala chakula cha kutosha. Hiyo ndiyo saa mtu anaongeza sifuri, 500 inakuwa 5,000. Hiyo ndiyo saa anamwachia weita simu na kumtajia PIN, "nilipie tu". PIN ni yako peke yako, hata kama weita ni mtu mzuri.

Kwa hivyo pangeni mapema. Chagueni mmoja asiyekunywa. Kabla ya kuagiza, kila mtu amtumie mchango wake, na nauli ya kurudi iwekwe kando. Yeye ndiye atalipa bili. Akiweka Till namba, asome jina la biashara linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Kama silo, asimame aulize. Pesa ikienda kwa namba isiyo yake, aombe kurudishiwa papo hapo, maana mpokeaji akishaitoa, kuipata ni kazi ngumu.

Kuna watakaosema tunaharibu sherehe. Sisi tunaona kinyume. Mezani hakuna wa kuuliza nani hajalipa, na asubuhi hakuna wa kusoma meseji zake kwa hofu. Na yule aliyekubebea mzigo siku nne ameshafika kwake na pesa yake mfukoni. Kunywa maji, kula kitu, halafu agiza.