Mnatudai utii, hamtudai kazi

Kila mtihani ukikaribia hapa Kakuma, mikutano ya wazazi inaimba wimbo mmoja: watoto wa kambi hawana nidhamu, wamezoea kupewa. Halafu mzee mmoja anasimama, anasema samaki mkunje angali mbichi, watu wanapiga makofi. Kwa heshima zote mzee wangu, samaki anayekunjwa ni wa kukaushwa. Hakuna anayemkunja samaki ili aogelee vizuri.

Kenya ilifuta fimbo shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza tena. Lakini asubuhi pita karibu na geti la shule uone. Na anayechapwa ni nani? Mara nyingi ni msichana aliyeamka giza kupanga mitungi bombani, maji yakachelewa kufunguliwa. Amebeba lita 20, ameacha nyumbani kuna maji, amekimbia shule. Eti huyo ndiye anafundishwa bidii! Na mtu ambaye hajawahi kubeba hata kikombe.

Mimi nafanya kazi na vijana baada ya masomo. Wale wale wanaoitwa wavivu wanafika uwanjani mapema kuniliko, na kiboko sina. Kwenye timu ya watu kumi na moja, ukikosa pengo linaonekana, wenzako wanakuulizia. Darasani wako zaidi ya mia. Nani atakuulizia?

Sasa tuje kwenye daftari, maana hapo ndipo inaniuma. Kijana ananiletea insha ya kurasa mbili, makosa kila mstari, na chini kuna vema moja kubwa nyekundu. Basi. Hiyo vema ni matusi. Inamwambia: kutoka kwako sikutarajia zaidi. Ni ndugu yake yule anayesema “kwa mkimbizi, D si mbaya.” Mlango wa digrii katika chuo kikuu hapa Kenya ni C+, na haukuandikwa kwamba mkimbizi atapita dirishani. Mtaala mpya unataja uwajibikaji na uadilifu kati ya maadili yake, sawa, lakini mtoto atajifunzaje kuwajibika kama hajawahi kurudishiwa kazi akaambiwa keti, rudia hii?

Najua walimu watanijibu. Mwalimu mkimbizi anapewa posho, si mshahara, wakati mwenzake Mkenya anapokea zaidi kwa chaki ile ile. Hiyo ni dhuluma na tuipigie kelele pamoja, niiteni nitakuja. Madaftari mia hayasahihishwi kwa siku moja, hilo pia kweli. Lakini kumi? Kumi kwa siku, wiki mbili za shule umemaliza mia, na kila mtoto ameona kosa lake kwa jicho lake. Kuchapa watoto thelathini getini nako kunakula muda, na huo muda kila asubuhi unapatikana.

Na nyinyi wazazi msijifiche nyuma ya mwalimu. Mkutanoni mnauliza mtoto wangu ana heshima? Anasalimia? Ulizeni pia ameandika nini wiki hii, nani amekisoma. Hata kama wewe hujui kusoma, rangi nyekundu unaijua. Leo jioni fungua daftari la mwanao, tafuta ile nyekundu ya mwisho, kisha umuulize mtoto aliandikiwa lini.