Mji Mkongwe na Wenyewe

Mwishoni mwa muhula uliopita nilivuka bahari kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa mapumziko ya siku nne. Sikwenda kufanya utafiti wala kuhudhuria kongamano. Nilikwenda kupumzika, nikapanga chumba katika nyumba ya wageni iliyomo ndani ya Mji Mkongwe.

Nilifanya yale yafanywayo na kila mgeni. Nilitazama milango ya nakshi, nikapita sokoni Darajani, nikala Forodhani jioni, nikasimama Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Nilifika pia mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha.

Lakini jambo lililonikaa moyoni nililikuta barazani. Pale Jaws Corner, ambapo wenyeji hunywa kahawa na kujadili siasa, nilimwamkia mzee mmoja. Aliitikia, akanisogezea nafasi, akaniuliza nimefikia wapi. Nilipomtajia nyumba, alitabasamu.

"Humo ndimo nilimozaliwa, mwanangu. Ghorofa ya pili, upande wa kibla. Leo kulala humo usiku mmoja siwezi."

Hakusema kwa kulalamika. Alinieleza kuwa familia yake ilihama miaka mingi iliyopita, na sasa anaishi Fuoni. Kila alasiri hupanda daladala kuja mjini kunywa kahawa na wenzake wachache waliosalia. Nilirudi chumbani usiku ule nikiona haya, ingawa sikuwa nimemdhulumu mtu.

Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Sifa yake kubwa ni namna tamaduni za Afrika, Uarabuni, Bara Hindi na Ulaya zilivyochanganyika humu kwa muda mrefu. Sasa tujiulize: ni nani waliozichanganya? Ni majirani waliopelekeana futari, waliozikana, waliooana na kugombana katika vichochoro vile vile. Wakiondoka hao, kitakachobaki ni ushahidi kwamba mchanganyiko huo uliwahi kuwapo.

Wapo watakaonijibu kwamba hoteli ndizo zilizoziokoa nyumba hizi. Jibu hilo lina ukweli, na sitalipuuza. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, serikali ilitaifisha nyumba nyingi na kuwapangisha wananchi kwa kodi ndogo. Lilikuwa tendo la haki kwa watu ambao hawakuwahi kuota kuishi humo, lakini kodi ile haikutosha kuzitunza nyumba. Jengo la mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko halivumilii kusahauliwa. Maji ya mvua yakishapenya paani, boriti huoza, na boriti ikishaoza ukuta hufuata. Mwekezaji alikuja na fedha ambazo mpangaji hakuwa nazo.

Hata hivyo, hoja hiyo inathibitisha jambo moja tu: kwamba nyumba zilihitaji fedha. Haithibitishi kwamba zilihitaji kuondokewa na watu wake. Sheria za uhifadhi zinajua kumzuia mwenye nyumba asing'oe mlango wala asiongeze ghorofa, na ni vyema. Mlango umepata mlinzi. Jirani naye anahitaji wake.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, sehemu ya mapato ya utalii iwekwe katika mfuko wa kukarabati nyumba zinazokaliwa na wananchi, zikiwemo za serikali na za wakfu, kwa sharti kwamba mkazi haondolewi matengenezo yakiisha. Pili, kila mtaa, uwe Shangani, Malindi au Kiponda, uwekewe kiwango cha makazi ambacho hakitapunguzwa, na kibali cha kugeuza nyumba kuwa hoteli kisitolewe pale kiwango hicho kinapofikiwa. Mwekezaji atalalamika. Lakini hata yeye anauza uhai wa mitaa hiyo. Akiumaliza, hatakuwa na cha kumwonyesha mgeni.

Nasi wasafiri tusijitoe katika lawama. Fedha yangu ya siku nne ni sehemu ya kinachomfanya mzee yule apande daladala kwenda kunywa kahawa katika mtaa aliozaliwa. Nitarudi Unguja, Mungu akipenda. Safari ijayo, kabla sijalipia chumba, nitauliza nani walikuwa wakikaa humo, na walikwenda wapi.